Uzi wa Chini Hauonekani, Lakini Ndio Unaobeba Samaki

Wasomaji wangu, leo nina kesi ya kujishitaki mwenyewe.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Nungwi. Miaka yote anavua kwa mshipi wa mkono, uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. Mwaka huu mgeni mmoja aliyempeleka baharini akamwachia fimbo na rili. Mjomba akaniletea Mji Mkongwe: “Mjomba, wewe umesoma, nitilie uzi.”

Nikanunua mita 150 za uzi wa kusuka. Ghali kweli kweli. Rili ilikuwa kubwa, uzi haukufika hata nusu. Basi chini yake nikatia nailoni kuukuu niliyoikuta kabatini, nikaziunga kwa fundo lile lile la kufungia mfuko wa sukari, nikaenda zangu Forodhani kunywa juisi ya miwa.

Wiki mbili baadaye tulikuwa mwamba wa Leven, kaskazini ya Nungwi. Akala kolekole, mkubwa. Uzi ukatoka, ukatoka, mpaka fundo langu likafika kwenye pete za fimbo. Halafu kimya. Fundo limechomoka. Samaki kaondoka na mita zote 150, ndoana mdomoni.

Mjomba hakunigombeza. Alikusanya nailoni iliyobaki, akasema: “Petroli ya leo imekwenda na yule.” Bora angenitukana.

Hivi kwa nini tunaudharau uzi wa chini? Kwa sababu hauonekani. Siku nyingi hautoki kabisa kwenye rili. Lakini siku utakapotoka, ujue una samaki mkubwa na yuko mbali. Ndiyo siku yenyewe uliyokuwa ukiiomba!

Nimeuliza, nimejifunza, na nawapa bure. Uzi wa kusuka ni mwembamba na unateleza. Ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini tupu ya chuma, uzi wote unaweza kuzunguka pale pale huku wewe unahangaika na mkono wa rili. Nailoni inashika. Pia inaijaza bobini, na bobini iliyojaa inavuta uzi mwingi zaidi kila unapozungusha mara moja. Na inakuokolea fedha, kwa kuwa hununui mita 300 za uzi wa bei mbaya.

Ila usitie takataka. Nailoni iliyopigwa na jua muda mrefu imeshachoka, hata ikionekana nzima. Na uzi wa chini usiwe dhaifu kuliko wa juu. Kama wa juu unabeba kilo 20, wa chini wa kilo 10 unautakia nini?

Kujua kiasi chake ni rahisi. Tia uzi wa juu kwanza, unga wa chini, jaza mpaka ukaribie ukingo, kata. Kisha zihamishe zote kwenye chupa tupu, kutoka chupa hiyo kwenda chupa ya pili, ndipo uzirudishe kwenye rili. Sasa wa chini umekaa chini.

Na fundo? Laza ncha mbili zipishane. Ncha ya kwanza irudishe nyuma ifanye kitanzi, kisha ipitishe ndani ya kitanzi hicho ukizizungusha nyuzi zote mbili: nailoni mara 4 au 5, wa kusuka mara 8 kwa sababu ya utelezi. Ncha ya pili vivyo hivyo. Lowesha kwa mate, maana nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika. Vuta polepole mpaka mafundo mawili yakutane. Halafu zungushia kitambaa mikononi uvute kwa nguvu. Likichomoka nyumbani hujapoteza kitu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mafundo yote haya mjomba anayajua kwa vidole. Angenionyesha kwa dakika tano, lakini mimi mwenye shahada sikuona la kumuuliza. Yeye naye aliamini kwamba kitu cha mzungu kinamtaka msomi. Tulidanganyana wote wawili.

Tangu 2020 Zanzibar tuna Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, nami nimeandika habari za uchumi huo mpaka kalamu imechoka. Maboti, mikopo, wawekezaji. Sijawahi kuandika habari ya fundo. Maoni yangu: kila anayempa mvuvi chombo kipya, awe mfadhili, mtalii au mpwa wake, ampe na saa moja ya kukaa chini, kuuliza na kuonyeshana. Vinginevyo zawadi inageuka hasara, na mita 150 za uzi zinabaki baharini zikisubiri kasa au matumbawe.

Nimeshamlipa mjomba uzi mwingine. Safari hii alifunga yeye, mimi nilishika chupa.