Waya Mwembamba Chumbani

Baridi ya Julai hapa Eldoret humkimbiza dukani mwanafunzi aliyepanga chumba chenye soketi moja, akanunue waya wa kuongezea umeme. Huuliza bei na urefu. Unene hauulizi, na muuzaji hamwambii. Ilhali waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 hubeba ampea 6 tu, yaani wati 1,440 kwa umeme wetu wa volti 240. Birika la wati 2,000 huulemea. Ukiachwa umeviringwa chini ya kitanda, joto lake hukosa pa kutokea, nalo godoro li karibu. Hesabu hii imo katika fizikia ya sekondari. Walimu, kwa nini isifundishwe waya ukiwa mkononi, huo pamoja na ule wa milimita 1.5, kabla kijana hajakabidhiwa ufunguo wa chumba?