Kamera zipo, kibali na ukumbi ndivyo vinavyokosekana

KARIANDUSI, chini ya magenge ya Bonde la Ufa karibu na Gilgil, ni mahali ambapo mtayarishaji wa filamu hana haja ya kutafuta mada. Upande mmoja kuna shoka za mawe zilizoachwa na binadamu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, ambazo mtafiti Louis Leakey alizitambua mwishoni mwa miaka ya 1920. Upande wa pili kuna machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa lililokauka. Si mbali na hapo liko Ziwa Elmenteita ambalo, pamoja na Nakuru na Bogoria, lilitangazwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2011.

Hata hivyo, kwa miaka mingi eneo hili limekuwa mandhari ya filamu za wengine. Wapiga picha kutoka ng'ambo huja kuwatafuta heroe, wakaenda zao. Mkazi huonekana kwa mbali tu, kana kwamba naye ni sehemu ya ziwa.

Madhara ya hali hiyo yalionekana Tanzania. Filamu ya "Darwin's Nightmare" ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Hubert Sauper wa Austria, ilisawiri maisha ya Mwanza na biashara ya sangara kwa namna iliyomfanya Rais Jakaya Kikwete kuishutumu hadharani mwaka 2006. Lakini shutuma haijibu filamu. Filamu hujibiwa kwa filamu, na wenyeji hawakuwa na yao iliyofika mbali kiasi hicho.

Kwa upande mwingine, "Thank You for the Rain" ya mwaka 2017 inaonyesha kinachowezekana. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alishika kamera mwenyewe na kurekodi jinsi ukame na mafuriko yalivyoiandama familia yake, akishirikiana na mwongozaji Julia Dahr wa Norway. Mfuko wa Docubox, ulioasisiwa na Judy Kibinge, nao umewasaidia watayarishaji wengi wa Afrika Mashariki kukamilisha kazi zao.

Basi kikwazo si kamera, kwani siku hizi hata simu ya mkononi hurekodi picha safi. Kikwazo cha kwanza ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, imekuwa ikimtaka anayeomba kibali kuwasilisha maelezo ya matukio yote pamoja na maneno yote yatakayosemwa katika filamu. Kwa hadithi ya kubuni, sharti hilo linatekelezeka. Kwa makala ya hali halisi ni muhali. Ni nani awezaye kuandika leo maneno ambayo mchimba udongo wa Kariandusi atayatamka kesho?

Sharti hilo linakinzana na Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinacholinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Lakini Katiba peke yake haijatosha. Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama na filamu za shule lilipofanyika Nakuru, wanafunzi wa Butere Girls waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza "Echoes of War", mchezo ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeuruhusu. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Mei mwaka huo, watayarishaji wanne wa filamu walikamatwa Nairobi kuhusiana na makala ya BBC juu ya mauaji ya waandamanaji wa Juni 2024, wakaachiliwa siku iliyofuata.

Kikwazo cha pili ni mahali pa kuonyeshea. Kumbi nyingi za sinema mikoani zilifungwa, nyingine zikageuzwa makanisa. Filamu fupi ya kijana wa Gilgil yaweza kusifiwa katika tamasha la mbali ilhali jirani zake hawajaiona. Kumbi za kijamii, shule na hata makavazi yenyewe yangeweza kuziba pengo hilo kwa gharama ndogo, serikali ya kaunti ikiamua.

Jambo hili halivumilii kungoja. Walioshuhudia ghasia za Nakuru na Naivasha za Januari 2008 wanazeeka. Walionusurika bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku wa Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40 bado wana mengi ya kueleza. Shoka za Kariandusi zilingoja chini ya ardhi hadi zikachimbuliwa, lakini kumbukumbu za watu hazizikwi zikafukuliwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Bonde la Ufa lipo, na wanawe wenye kamera wapo. Kilichobaki ni kuwaondolea vizuizi.