Motokaa Kuukuu Iliyo Uani

Nyumba nyingi za Kinondoni, Magomeni, Temeke na Mtoni zina jamaa mmoja asiyekula wala kusema. Amekaa uani chini ya mwembe, hana magurudumu, amewekwa juu ya matofali, na kuku wametaga ndani yake. Huyo ni motokaa ya mzee. Zamani ilimpeleka mzee kazini, ikawafikisha waja wazito hospitali, ikabeba maharusi. Sasa imenyamaza. Kila mara hupita kijana mwenye mkokoteni na mizani, akiuliza kama kuna vyuma chakavu, na baadhi ya watoto wa nyumba husema, "Mpeni, tupate nafasi."

Juma hili tushauriane juu ya jambo hilo. Je, motokaa kama hiyo yafaa kuuzwa kwa kilo, ama yafaa kufufuliwa? Na mtu wa mshahara mdogo aweza kuifufua bila kuwalaza watoto na njaa? Jibu langu ni kwamba aweza, lakini si kila motokaa, wala si kwa haraka.

Kwanza tujue tuna kitu gani. Kuna Volkswagen ile iliyoitwa mgongo wa chura. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo, kwa hiyo haina rejeta ya kuchemka. Motokaa hiyo ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, kwa maana baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ndiyo sababu bodi ya Land Rover haili kutu kama bodi za chuma, ingawa chasi yake ya chini huliwa. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, wakapita mjini kwa msururu mrefu. Basi vitu hivi vina wapenzi wake.

Tena spea zake si hadithi. Mgongo wa chura wa mwisho ulitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani. Kwa motokaa nyingi namna hiyo, watu bado wanatengeneza vipuri vyake. Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Sasa, msomaji, kabla hujashika spana, shika karatasi. Motokaa ya marehemu baba si ya kijana anayeipenda kuliko wenzake. Ni sehemu ya mirathi. Kijana akitia fedha zake miaka miwili, na siku inapong'aa ndugu wakaja kudai mafungu yao, hapo undugu huvunjika kwa ajili ya bati. Kaeni kikao. Msimamizi wa mirathi awe amethibitishwa na mahakama, mkubaliane motokaa ni ya nani na wengine wapewe nini, muandike, mtie sahihi. Halafu nendeni TRA kubadili jina kwenye kadi. Tazameni pia kama namba ya chasi na namba ya injini zilizo kwenye kadi ndizo zilizo kwenye chuma. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo motokaa iliyosimama haizidishi tena gharama hiyo.

Jambo la pili ni kuipima. Chukua bisibisi, ulale chini, uchome polepole chasi na sakafu. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutobolewa kama muhogo mbovu. Kwenye mgongo wa chura inua kiti cha nyuma, maana betri hukaa chini yake, na asidi yake hula sakafu pale pale. Hewa yetu ya bahari nayo haina huruma. Sakafu iliyotoboka yaweza kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Lakini kama kuoza kumeenea chasi nzima, tena huna fedha, basi muite yule kijana wa mizani kwa moyo mweupe. Si aibu. Ni afadhali kuuza leo kuliko kuuza baada ya kuzamisha akiba ya nyumba.

Tatu ni daftari. Andika upande mmoja fedha iliyoingia, upande wa pili iliyotoka, hata ya msumari. Karo, chakula, kodi na dawa havimo katika daftari hili, wala visiguswe. Tuseme baada ya hayo yote unabakiwa na shilingi elfu hamsini kwa mwezi. Basi kazi yako ni ya elfu hamsini kwa mwezi, si zaidi. Mwezi huu mipira ya breki, mwezi ujao mipira ya petroli. Usikope kwa ajili ya motokaa isiyotembea. Na mwenzi wako wa nyumbani alione daftari hilo, maana fedha iliyofichwa huleta maneno.

Watu wengi hukosea utaratibu. Huanza na rangi, kwa sababu rangi huonekana na majirani. Rangi ni ya mwisho kabisa. Anza na kusimama, kisha kutembea, kisha kupendeza.

Kusimama ni breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu tele. Kwa hiyo ndani ya mabomba mna kutu hata kama nje ni safi. Mwaga mafuta yote ya zamani. Badili mipira yote, ingawa kwa macho yaonekana mizima, kwa maana huvimba ndani na kuziba. Fungua silinda ndogo za magurudumuni uzitazame. Bitana za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, bali lifute kwa kitambaa chenye maji. Tairi nazo hufa kwa uzee, hata zikiwa na meno. Na ukiinua motokaa, usilale chini yake ikiwa juu ya jeki tu. Weka magogo manene yaliyokatwa sawasawa, uisukume kwanza uone kama imetulia. Watu wamekufa kwa uzembe huo.

Kutembea ni injini. Iliyolala miaka isiwashwe kwa stata siku ya kwanza. Toa plagi, tia mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, uache siku mbili, kisha uizungushe kwa mkono. Mwaga petroli ya zamani, osha tangi, na wakati huo jiko la mkaa liwe mbali na uani. Badili mipira yote ya petroli. Mipira iliyopasuka ndiyo huwasha moto migongo mingi ya chura. Injini hiyo huchukua lita mbili na nusu tu za mafuta, nayo ina chujio la waya tu, kwa hiyo mafuta yabadilishwe kila kilometa 5,000. Mkanda wake mmoja huzungusha dinamo na feni pamoja. Taa nyekundu ikiwaka njiani, simama hapo hapo, hata kama umebakiza hatua chache kufika. Bila feni injini itajichoma.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi vijana hawalijui. Motokaa za zamani zilizoea petroli yenye risasi, na nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia Januari 2006. Risasi ile ililinda viti vya valvu. Injini ambayo viti vyake vimekatwa katika chuma cha hedi yenyewe yaweza kulika taratibu. Kwa hiyo hedi ikifunguliwa kwa kazi nyingine, mwambie fundi wa kukereza atie viti vigumu vya valvu upande wa moshi. Ni kazi ya mara moja.

Je, tuongeze mambo ya kisasa? Mengine ndiyo. Mikanda ya kujifunga yafaa kuliko yote. Mzee hakuwa nayo, lakini barabara ya mzee haikuwa na malori haya. Kifaa cha elektroniki badala ya pointi huondoa usumbufu wa kuwasha asubuhi. Taa zenye nguvu zafaa, na alternata pia, mradi nyaya ziwe mpya. Wengine hutia injini ya motokaa nyingine kabisa. Wakifanya hivyo wapeleke habari TRA, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, na breki nazo zilingane na nguvu mpya. Muziki mkubwa na magurudumu mapana yangoje.

Ama spea, tembea kwanza Gerezani na Shauri Moyo ukiwa na kile kilichoharibika mkononi, ulinganishe kwa macho. Uliza maduka matatu kabla ya kulipa. Fundi naye mpe kazi moja kwa wakati mmoja, kwa bei iliyoandikwa, na vipuri vya zamani akurudishie. Kijana wako akitaka, mpeleke akajifunze ufundi VETA Chang'ombe. Elimu hiyo itabaki hata motokaa ikiuzwa.

Rangi ije baada ya masika kwisha, kati ya Juni na Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo, maana rangi iliyopigwa kwenye unyevu hufanya ukungu mweupe. Kutu ikwanguliwe yote kwanza. Puti juu ya kutu ni kufukia kidonda kwa poda.

Kazi hii yaweza kuchukua miaka mitatu. Katika miaka hiyo watoto watajifunza kuhesabu, kungoja, na kumaliza walichoanza. Lakini ukiona daftari linaanza kugusa sufuria, weka spana chini mpaka mwezi ujao. Motokaa iliyongoja miaka ishirini yaweza kungoja mwezi mmoja. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari na sare hawezi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya matangi ya maji ya mvua. Wasalaam.