Namba ya mkulima isigeuke amri kwenye kompyuta

MSIMU wa korosho unapofunguliwa, mkulima wa Chilangala wilayani Newala hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, hupimiwa na kupewa stakabadhi. Fedha zake hupitia akaunti ya benki. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, na mwaka 2024 minada ilihamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Kadiri kompyuta inavyochukua nafasi ya daftari, ndivyo wadau wanavyopaswa kujiuliza: kanzidata yenye jina, kilo na akaunti ya mkulima inalindwaje?

Hatari moja, iliyoelezwa hadharani tangu mwaka 1998, ni upenyezaji wa amri za SQL, lugha ya kuulizia kanzidata. Programu iliyoandikwa kizembe huunganisha swali lake na chochote anachoandika mtumiaji. Mtu akijaza namba ya mkulima na kuongeza "au 1=1", sharti huwa kweli kwa kila mkulima, na orodha nzima humwagika. Programu ikiwa na ruhusa ya kubadili taarifa, hata namba za akaunti haziko salama.

Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa taarifa za wateja wapatao 157,000 kwa njia hii. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya pauni 400,000.

Kinga yake inafanana na kitabu cha stakabadhi. Maneno yamekwishachapwa; karani hujaza nafasi tu. Hata akiandika "lipa milioni kumi" penye jina, stakabadhi haigeuki hundi. Vivyo hivyo, programu itume swali lililokamilika lenye nafasi wazi, kisha thamani itumwe peke yake. Jina la safu ya kupangia orodha haliwezi kujazwa hivyo, kwa hiyo lichaguliwe kwenye orodha iliyowekwa na mtengenezaji. Na ukurasa wa kutazama usiwe na ruhusa ya kubadili, kama mpimaji asivyokabidhiwa ufunguo wa sanduku la fedha.

Kazi hii haihitaji mitambo mipya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Viongozi wa ushirika si lazima wajue SQL, bali kabla ya kusaini mkataba wamtake mtengenezaji aonyeshe, mbele yao, kwamba namba ya mkulima inabaki kuwa namba.