Kuuliza si utovu wa adabu

 



Mwaka huu niliombwa niandike juu ya faida ya kusoma vitabu. Naomba radhi, nitaandika juu ya jambo lililo jirani yake, nalo ni kuzungumza na watu wanaoandika vitabu, na wenye fikra ambazo bado hazijaingia vitabuni. Nimelichagua kwa sababu mimi mwenyewe nimelikosea mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa darasani. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono katika somo la tarekh akauliza: "Ustadh, wakati wa kudai uhuru, masheikh wetu walikuwa wapi?" Nikamjibu, "Shika kitabu chako, hayo ni ya shuleni." Wenzake wakacheka. Tangu siku ile hakuuliza tena, hata masuala ya udhu hakuuliza. Niliondoka nikidhani nimelinda nidhamu ya darasa, kumbe nimemfunga mdomo mtoto aliyetaka kujua.

Mara ya pili ilikuwa barazani, baada ya sala ya Alasiri. Palikuwa na mzee aliyefanya kazi reli hapa Mpanda tangu enzi za Mwingereza. Aliikumbuka miaka ambayo treni ya kutoka Kaliua ilikuja kwa ajili ya mgodi wa risasi, na jinsi watu wa makabila mbalimbali walivyokutana hapa kutafuta riziki na kuanza kusali pamoja. Nikamwambia, "Mzee wangu, Ijumaa nitakuja na daftari." Ijumaa ikapita, na nyingine, mpaka tukamsalia jeneza. Daftari nililinunua. Ndani yake limeandikwa jina lake tu na tarehe niliyokusudia kumwendea.

Wanafunzi wapenzi, dini yetu haikutufundisha hivyo. Katika Suratun-Nahl tumeamrishwa kuwauliza wenye elimu pale tusipojua. Tazameni mfano wa Abdullah bin Abbas (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipofariki, yeye alikuwa bado kijana mdogo. Alimwambia mwenzake mmoja wa Kiansari waende wakawaulize Masahaba, maana wangali wengi. Mwenzake akamshangaa: nani atamhitaji yeye na wakubwa wote wale wapo? Ibn Abbas akaenda peke yake. Akisikia kuwa fulani ana hadithi, humwendea nyumbani. Akimkuta amelala mchana, hutandika shuka yake mlangoni akangoja, na upepo ukimrushia mchanga usoni. Miaka ikapita, watu wakawa wanamzunguka yeye kumuuliza, na yule mwenzake akakiri kuwa kijana huyu alikuwa na akili kumshinda.

Basi hadithi tunazozihifadhi zimetufikia kwa njia ya mazungumzo. Mtu alimwendea mtu, akamuuliza, akahifadhi, na akataja jina la aliyemwambia. Elimu ya isnadi ni elimu ya kujua nani alizungumza na nani.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki pia tunao waliofuata njia hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Al-Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Angeweza kutosheka na darsa zake msikitini. Lakini aliona Waislamu wameachwa nyuma katika elimu na wanatawaliwa, akataka mambo hayo yajadiliwe na watu wa kawaida kwa lugha wanayoielewa. Baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Mtoto wake, Ali Mazrui, aliyebaki yatima akiwa na miaka 14, akaja kuwa profesa anayejulikana duniani. Mwaka 1986 alitoa filamu za televisheni akieleza kuwa Mwafrika amerithi mambo matatu: mila za asili, Uislamu, na athari za Magharibi. Alitofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya siasa ya Ujamaa, akaandika wazi, wala hakumvunjia heshima. Alifariki mwaka 2014 huko Marekani, akazikwa Mombasa kwa wazee wake.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mwanafunzi, maana jawabu lipo. Mwaka 1929 ilipoundwa African Association pale Dar es Salaam, katibu wake alikuwa Kleist Sykes, Muislamu. Alifariki mwaka 1949 akiacha maandishi juu ya maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyatumia maandishi hayo kuandika maisha ya babu yake, na kazi yake ikachapwa mwaka 1973. Naye Mohamed Said akatoa kitabu mwaka 1998 juu ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, akiwataja wazee wengi wa Kiislamu waliokuwemo katika harakati zilizozaa TANU mwaka 1954. Kitabu hicho kipo pia kwa Kiswahili. Wapo wanaokubaliana naye na wapo wanaompinga, na hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Lakini ili mtu akubali au apinge, lazima kwanza awepo aliyeuliza na kuandika.

Na Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya kina mama wengi kuingia TANU? Mwaka 1984 msomi wa Kimarekani, Susan Geiger, aliketi naye na kina mama wenzake akawauliza maisha yao, na mwaka 1997 akatoa kitabu. Tunamshukuru. Lakini najiuliza, wajukuu wa kina mama wale walikuwa na haya gani hata bibi zao wakaulizwa kwanza na mgeni aliyevuka bahari?

Najua baadhi ya wazazi watasema, "Ustadh, msituingizie watoto katika siasa." Hofu hiyo naielewa. Madrasa si mahali pa kupigia kampeni chama chochote, na mwalimu anayefanya hivyo anakosea amana. Lakini kujua nchi ilijengwa vipi, sheria zinatungwa vipi, na kwa nini mtaa mmoja una zahanati na mwingine hauna, hiyo ni elimu ya maisha. Mtoto asiyefundishwa kuuliza kwa adabu mbele ya mwalimu wake, atakuja kupata majibu kwenye simu, kwa watu asiowajua, wala hatajua kuwauliza wameyatoa wapi. Na wakati wetu huu uwongo unasafiri upesi kuliko treni yetu.

Wengine watasema, "Mpanda waandishi wako wapi?" Mji wetu umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mwaka 2012, lakini wenye mawazo walikuwepo kabla ya mkoa. Wapo wazee wa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo wanaojua nani alikuwa akiishi wapi na mipaka ilikuwaje. Karema na Ikola wapo wanaolijua ziwa na biashara ya ng'ambo. Katumba na Mishamo wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa watoto, wakafyeka msitu, na leo wengi wao ni raia wenzetu. Wapo pia bibi zetu nyumbani. Hawa nao ni wenye fikra, ila kalamu haijawafikia.

Kuzungumza na watu kama hao kuna adabu zake. Kwanza, omba ruhusa na chagua wakati usiomtaabisha. Pili, jiandae. Kama ameandika kitabu, kisome kabla ya kumwendea. Tatu, uliza swali fupi kisha nyamaza, usimkate mzee kauli. Nne, usipokubaliana naye, mwambie, "Mzee wangu, hapa sijaelewa, nimesikia kinyume chake," kisha sikiliza. Tano, andika alichosema yeye, usiandike ulichotamani aseme. Sita, nenda kwa mtu wa pili na wa tatu ulinganishe, kama walivyofanya wanavyuoni wa hadithi. Na alichokwambia kwa siri kibaki siri.

Kwa hiyo napendekeza kwa uongozi wa madrasa na kwa wazazi: mwaka ujao kila mwanafunzi wa madarasa ya juu amwendee mzee mmoja au mwandishi mmoja, na kurasa zitakazokuwa nzuri zichapwe katika jarida hili. Daftari na kalamu vinatosha. Mzazi akiulizwa na mwanawe, asimfukuze, na sisi waalimu tusiwacheke wanaoinua mkono.

Yule mwanafunzi nilimwita nikamwomba radhi. Nikampa majina niliyoyataja hapo juu, na nikampa lile daftari. Alilifungua, akaona jina la mzee na tarehe, akaniuliza: "Ustadh, huyu mlizungumza nini?"

Sikuwa na jibu.

Wabillahi tawfiq.