Tunaikagua dhahabu, nani akague sikio la mchimbaji?

Mwaka wa masomo uliopita nilimwandika mwanafunzi wangu mmoja kuwa mtoro, ilhali alikuwa ameketi mstari wa tatu mbele yangu. Niliita jina lake mara mbili, hakuitika, nikaweka alama ya kutokuwapo na kuendelea na mhadhara. Baada ya kipindi alinifuata ofisini, akasimama karibu kuliko ilivyo desturi, macho yake yakiwa midomoni mwangu. "Shikamoo, Dokta. Nilikuwepo. Sikusikia tu." Katika mazungumzo yetu niligundua kwamba likizo ndefu mbili mfululizo alikuwa kwenye karasha mkoani Geita, akitafuta ada. Ana umri wa miaka ishirini na miwili.

Nilimwomba radhi na kurekebisha orodha. Lakini kosa langu ni dogo likilinganishwa na lile la taifa zima, ambalo limewaandika vijana wa aina yake kuwa wazima.

Wasomaji wasiolifahamu eneo hili waniruhusu nieleze. Kuanzia Kahama, kupitia Kakola, hadi Nyarugusu na Rwamagasa, mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo hupondwa na kusagwa kwenye makarasha. Mashine hizi huendeshwa kwa injini ya dizeli au mota ya umeme. Nyingine ni pipa la chuma linalozunguka na gololi za chuma ndani yake. Kiangazi, baada ya pamba na mahindi kuvunwa, vijana wengi walioachwa huru na shamba huelekea huko, na wanafunzi wa likizo nao huungana nao. Vumbi la msimu huo kila mtu huliona. Kelele hazionekani, kwa hiyo hazihesabiki.

Sayansi yake si ngumu. Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Tunazaliwa na maelfu kadhaa tu, na zikifa hazioti tena. Wataalamu wengi huchukua desibeli 85 kwa saa nane kuwa ukomo wa siku ya kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, na kwenye desibeli 100 ni dakika 15 pekee. Asiye na kipimo atumie njia hii: ukilazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, tayari uko mahali pa hatari. Kwenye karasha hatupazi sauti tu; tunaongea kwa vidole.

Uharibifu huanza na sauti nyembamba. Mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini hatofautishi "fika", "shika" na "pika". Usiku masikio humvuma. Nyumbani huonekana mkaidi, darasani mzembe, na kwenye usaili hajiamini. Hakuna damu iliyomwagika, wala jirani aliyekuja kutoa pole.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na kila gramu inayofika pale hupimwa na kuandikwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, yakaongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Makato hayo hutozwa kwa thamani ya dhahabu, si kwa faida ya aliyeichimba. Sina ugomvi nayo. Nchi lazima ifaidike na mali yake. Ninauliza tu: ikiwa tunaweza kukagua dhahabu hadi sehemu ya gramu, tunashindwaje kukagua sikio la aliyeileta?

Haki haina upungufu wa maandishi. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA ya kuisimamia. Uziwi unaotokana na kelele umo katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini fidia hiyo imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, na kijana wa karasha hulipwa kwa kiroba au kwa siku, bila mkataba wala jina kwenye daftari lolote. Mwenzake aliyeajiriwa katika mgodi mkubwa hukabidhiwa vifunika masikio. Wote wawili wanatoa dhahabu ya nchi moja.

Kuhusu zebaki angalau tumeamka: mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, na leo semina za wachimbaji huizungumzia. Kelele bado hazina msemaji.

Watendaji wengine huniambia, "Tumewaeleza, hawataki, sikio la kufa halisikii dawa." Methali hiyo wameielekeza pasipo pake. Wachimbaji wana hoja ya msingi: aliye chini duarani akiziba masikio, ataujuaje mwamba unaoanza kukatika? Basi tuanzie juu, kwenye karasha, ambako hoja hiyo haina nguvu. Injini itengwe kwa ukuta, mashine ikalishwe juu ya mpira, na wasio na kazi pale wakae mbali. Mahali pa wazi, kuongeza umbali mara mbili hupunguza takriban desibeli 6. Wanaolisha mawe wapokezane. Kisha ndipo vije vizibo vya masikio, na viwe vizibo vya kweli. Sisi wa nchi ya pamba tumezoea kujaza pamba masikioni, nayo haizuii kelele za kutosha. Na sikio linalotoa usaha lisizibwe wala kumiminiwa mafuta ya moto, lipelekwe hospitali.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, leseni ya uchenjuaji isihuishwe kabla kelele za karasha husika hazijapimwa na kinga kuonekana. Pili, sehemu ya ada ya ukaguzi igharimie upimaji wa usikivu wa vijana hawa katika hospitali za wilaya, mara moja kwa mwaka. Tatu, FEMATA na vyama vya wachimbaji vya mikoa vikae na Mfuko wa Fidia kutafuta namna ya mchimbaji asiye na mwajiri kuchangia na kulindwa.

Kwa wanafunzi wangu mtakaorudi makarashani likizo ijayo, kwa kuwa ada haisubiri: nunueni vizibo kabla ya buti, na jioni yapumzisheni masikio badala ya kuyafungulia muziki wa simu kwa sauti ya juu.

Yule kijana sasa hukaa mstari wa kwanza. Mimi nimeacha kuita majina nikiwa nimegeukia ubao.