Staa wa Dom na jaketi la 'Wakanda': huu ni ushamba!

Wadau, leo nasema hata kama mtanuna. Kuna staa mmoja hapa Dom kaposti jaketi la Black Panther, anatamba kaagiza China. Ukivuta picha vizuri, plastiki tupu!

Sasa sikia. Ruth E. Carter, mbunifu aliyebeba Oscar ya mavazi 2019 kwa muvi hiyo, alichota wapi? Kwetu! Wale walinzi wa kike wenye nguo nyekundu, humo kuna Umasai. Mashujaa wa mpakani wamejifunika mablanketi ya Wabasotho wa Lesotho. Hollywood inafuata vitu Afrika, sisi tunaagiza feki yake. Si aibu hiyo?

Hapa Ugogoni ng'ombe wamejaa. Ngozi mafundi viatu wanayo, shanga na shuka sokoni Majengo unapata, mafundi cherehani wapo.

Kinachoniuma zaidi: China kalipa hata mzigo haujatoka. Fundi aliyemshonea koti la shoo mwaka jana anaambiwa "njoo kesho" mpaka leo.

Mlipe fundi kwanza, bro. Halafu ukiposti, mtaje jina. Wakanda ndiyo hiyo!

Nimekosea? Niambieni.